Nani Atachangia Dakika ya Saba?

Kwenye simu yangu kuna makundi manne ya michango. La kwanza ni la harusi ya mtoto wa jirani yetu wa zamani kule Temeke. La pili ni la sendofu ya binti wa mfanyakazi mwenzangu. La tatu lilifunguliwa kwa ajili ya msiba wa mwezi Machi na mpaka leo hakuna aliyethubutu kulifunga, kwa hiyo kila asubuhi watu wanatumiana humo mistari ya dini na matangazo ya viwanja vya Kigamboni. La nne lina watu 62 na linaitwa "Tumalize Filamu".

Kwa yale matatu ya mwanzo sikuhitaji maelezo. Nililetewa kadi, nikaandika ahadi, nikakumbushwa mara tatu, nikalipa siku ya mwisho pamoja na ya kutolea, jina langu likapigiwa tiki. Hili la nne mimi ndiye mweka hazina wake. Niliipokea kazi hiyo nikidhani nitahesabu pesa. Huu ni mwezi wa saba, na kazi yangu kubwa imekuwa kujibu maswali.

Filamu yenyewe ni fupi, dakika 18 tu. Ameitengeneza mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye amezaliwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu mitaani bado tunauita siko seli. Inamfuata msichana mmoja wa Dar es Salaam kwa siku moja. Anaamka, anapanda daladala, anafika kazini, maumivu yanamshika mchana, anarudi nyumbani, analala, kunakucha. Picha zote zilikuwa zimeshapigwa kabla sijaitwa kwenye kamati. Kilichobaki ni umaliziaji: kuhariri, kusafisha sauti, kusawazisha rangi, muziki, na tafsiri ya maandishi chini ya picha. Hesabu yake ilikuwa shilingi milioni 9 na laki 4.

Kwenye kikao cha kwanza, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinyoosha mkono.

"Huyo binti kwenye filamu, mwisho anakufa?"

"Hafi, mzee wangu."

"Basi anapona."

"Haponi."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Sasa mwanangu, hapo tunachangia nini?"

Nilibabaika siku ile. Nimekuwa nikilitafakari swali lake tangu hapo, na naanza kuamini kwamba alisema kwa sauti kile ambacho sisi wengine tunakifanya kimyakimya. Michango yetu inapenda mwisho. Harusi ina tarehe na ukumbi. Msiba una kaburi. Mgonjwa anayepelekwa India ana tiketi ya ndege, na hata akirudi kwenye sanduku tunajua tulichangia safari. Tuna ukarimu wa ajabu, sidhani kama kuna watu wanaochangana kama sisi, lakini ni ukarimu wa kukimbia mita mia. Mtu anayeumwa leo, akanywa dawa, akafanya kazi wiki tatu, akaumwa tena, akalala siku nne, akarudi kazini, huyo hatuna kadi yake. Mara ya kwanza tunamletea matunda. Mara ya tano tunasema, "Si ndiyo hali yake."

Na hiyo "hali yake" si ya watu wachache. Wataalamu wetu husema karibu watoto 11,000 huzaliwa Tanzania na selimundu kila mwaka, hesabu inayotuweka katika safu moja na Nigeria, Kongo na India. Chembe nyekundu ya damu ya kawaida ni mviringo na huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa hujikunja ikafanana na mundu wa kuvunia mpunga, huishi siku 10 hadi 20, na kwa umbo lile hunasa kwenye mishipa midogo. Panaponasa ndipo panapouma. Baridi inaweza kuanzisha, kiu inaweza kuanzisha, malaria inaweza, na hata uchovu wa foleni ya Mbagala.

Kuna jambo la kushangaza kidogo hapa. Ulimwengu ulijua kwa nini ugonjwa huu umejaa kwetu kwa sababu ya watu wa kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya na Uganda akaona kwamba waliorithi kinasaba cha ugonjwa huu kwa mzazi mmoja tu wengi zaidi wapo pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, mahali penye mbu, na wachache milimani. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: kurithi upande mmoja humkinga mtoto na malaria kali. Kwa hiyo yule anayerithi pande zote mbili analipia kinga ya ndugu zake. Mpwa wangu aliposoma hayo akiwa sekondari alimwambia mama yake, "Kumbe mimi ndiye niliyewachangia nyie wote." Dada yangu hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikajuta.

Tuseme ukweli wote kuhusu kupona. Uloto unapandikizwa, na siku hizi kazi hiyo inafanyika hata Dodoma, kwa mtoto mwenye ndugu anayelingana naye. Tiba ya kurekebisha vinasaba iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, na bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Ukumbi wetu wa harusi haujawahi kukusanya hizo. Kwa wengi waliobaki, kilichopo ni kuishi nao: haidroksiurea, foliki, maji mengi, sweta Julai, damu ya kuongezewa inapobidi, na kliniki kama ile ya Muhimbili ambako Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa mwaka 2004. Kuishi ndiko habari yenyewe. Filamu ya mpwa wangu inahusu hapo katikati, na katikati haina mwisho wa kuwaonyesha wanakamati.

Nirudi kwenye pesa. Watu wanaojua filamu watakwambia kwamba pesa ya mwisho ndiyo ngumu kuliko ya kwanza, nami nimeliona hilo kwa macho. Siku za kushuti kila mtu alikuwepo. Mama mkubwa alipika pilau, vijana wa mtaa walishika mwavuli wa kuzuia jua, mjumbe wa shina alikuja na kiti chake. Kamera ni kitu cha kuonekana, mtu anapiga picha nayo anaweka kwenye status. Umaliziaji ni kijana mmoja amejifungia chumbani Sinza, pazia limeshushwa, spika za masikioni kichwani, anasikiliza sekunde nne zilezile tangu saa mbili asubuhi. Hakuna anayempikia pilau huyo. Hakuna anayeamini hata kwamba anafanya kazi.

Sauti peke yake ilikadiriwa milioni 2 na laki 8, na hapo nusu ya kamati ilitaka kujiuzulu. Nilikwenda Sinza kuomba ufafanuzi. Yule kijana akanivalisha spika zake, akanichezea ile sehemu ambayo maumivu yanaanza. Nyuma ya pumzi ya yule binti nilisikia bodaboda, jenereta la saluni, singeli kutoka kwa jirani, na kwa mbali mtu anauza karanga kwa kugonga sarafu. Akasema, "Dairekta anataka hapa kuwe kimya, mzee. Maumivu yakianza, anasema, dunia yote inanyamaza unabaki wewe na mfupa wako." Akaanza kuviondoa kimoja kimoja, kwanza bodaboda, kisha jenereta, kisha singeli. Ilimchukua saa nzima kunionyesha sekunde tisa. Nilitoka pale nikiwa msemaji wa sauti kuliko hata mpwa wangu. Ukimya ni ghali, niliwaambia wanakamati, na ukisikia mji huu unavyopiga kelele huwezi kushangaa.

Mstari mwingine wa bajeti ulileta ugomvi zaidi, japo ulikuwa mdogo. Uliandikwa: "Siku za kulala: 6." Mpwa wangu alikuwa ameweka siku sita ambazo mhariri angelipwa hata kama yeye dairekta amelazwa, kwa sababu anajua mwili wake. Wakati wa kushuti kazi ilisimama mara tatu kwa sababu hiyohiyo. Katibu wetu, mtu makini, mhasibu wa kazi yake, aliufuta mstari ule kwa kalamu nyekundu akasema hatuwezi kuwaomba watu walipie usingizi. Mimi niliurudisha. Nimeombea pesa mambo mengi yasiyo na maana maishani mwangu, yakiwemo puto 400 za rangi ya dhahabu kwa ukumbi mmoja wa Mwenge. Filamu ya mgonjwa, inayotengenezwa na mgonjwa, itachelewa kama mgonjwa anavyochelewa. Asiyeweza kuilipia siku ya kulala anataka filamu kuhusu ugonjwa iliyotengenezwa na mtu mzima wa afya.

Si jambo geni wala la ajabu. Jennifer Brea alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Harvard alipopata homa mwaka 2011 na hakuinuka vizuri tena. Ugonjwa wake ni ule wa uchovu usioisha ambao madaktari wengi walikuwa wakiupuuza kama wasiwasi wa wanawake. Akaanza kutengeneza filamu kuuhusu akiwa kitandani, akiwaelekeza wapiga picha wa nchi nyingine kwa simu ya video. Mwaka 2013 aliomba dola 50,000 kwa umma kupitia Kickstarter akapata zaidi ya 200,000. Filamu ikaitwa Unrest, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2017, na tuzo iliyoipata pale ilikuwa ya uhariri. Ya uhariri! Ile kazi ya chumba chenye pazia. Niliituma habari hiyo kwenye kundi saa nne usiku. Watu watatu waliweka kidole gumba, mmoja akauliza ukumbi wa kikao cha Jumapili.

Bila shaka tulijaribu njia hiyo ya kuuomba umma mtandaoni pia. Majukwaa makubwa ya Marekani ya aina ile hayamruhusu mtu anayeishi Tanzania au Kenya kufungua kampeni kwa jina lake, kwa hiyo ilibidi binamu yetu wa Minneapolis aifungue kwa akaunti yake ya benki. Ni kijana mwema, anafanya zamu mbili katika nyumba ya wazee, na bado alitafuta muda. Alitushauri tuandae video ya dakika mbili ya kuombea. Akasema amezitazama nyingi na amegundua siri: machozi yaonekane ndani ya sekunde 15 za kwanza.

Mpwa wangu alirekodi video hiyo mara moja. Amekaa kwenye mkeka, anaeleza bei ya kusafisha sauti, anatabasamu anapotaja singeli ya jirani. Ilileta dola 640. Binamu alipiga simu, hakuwa na hasira, alikuwa na huruma tu. "Bro, mwambie alie kidogo. Watu wa huku wanatoa wakiona machozi." Ninakiri kwamba nilimpelekea ujumbe ule kama ulivyo. Nilikuwa naangalia daftari langu la hazina, naona milioni mbili zinahitajika kabla ya mwisho wa mwezi, na nilifikiri chozi moja si kitu kwa mtu aliyelia mengi.

Akanijibu kwa sauti ya WhatsApp, taratibu, kama anavyoongea akiwa na maumivu. "Shikamoo mjomba. Nikilia kwenye ile video, hiyo ndiyo filamu. Hii nyingine ya dakika 18 nimalizie ya nini tena?"

Sikuwa na jibu, ila bado nilikuwa na daftari. Wiki mbili baadaye likaja shirika moja, silitaji jina, lenye gari jeupe na watu wa heshima kabisa. Walikuwa tayari kutoa milioni 12, zaidi ya tulizohitaji. Walitaka mambo mawili. Nembo yao itangulie jina la filamu, na mwishoni yule binti aitazame kamera aseme vijana wapime damu kabla ya kuoana. Kamati ilishangilia. Mimi nilishangilia. Ujumbe wenyewe ni wa kweli tena wa muhimu: wawili waliorithi upande mmoja wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye selimundu. Nani anaweza kukataa jambo kama hilo?

Yeye alikataa. Alisema binti wa kwenye filamu, saa hiyo, saa tano usiku, ametoka kwenye maumivu ya saa tisa, hawezi kugeuka akaanza kuhutubia. Na akaongeza kitu ambacho kilinichoma: "Mjomba, mimi ndiye yule mtoto wa nne. Mnataka nisimame mbele ya kamera niwaeleze watu jinsi ya kutonipata?"

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Nimekua katika miaka ambayo filamu ya ugonjwa ilikuwa na maana moja tu. Ukimwi ulipoingia, pesa za afya zilikuja na maigizo, na maigizo yalikuja na somo. Mwasherati hufa, mwaminifu husalimika, nesi anahitimisha. Sizibezi kazi zile. Zilisema wakati hakuna aliyethubutu kusema. Lakini zilitufundisha kwamba mgonjwa kwenye skrini yupo kwa ajili yetu sisi wazima, tupate kujifunza kitu kabla hajaondoka. Tukizoea hivyo, tunashindwa kabisa kumtazama mtu mwenye ugonjwa akiwa anatafuta chaja.

Wakati nikiwaza hayo nilimkumbuka Philly Lutaaya. Wasomaji wa rika langu wanamjua. Mwanamuziki wa Uganda aliyeishi Sweden, akarudi nyumbani Aprili 1989 akatangaza kwamba ana Ukimwi, wakati ambapo hakuna mtu maarufu nchini kwake aliyekuwa amesema hivyo hadharani. Wapo waliodai anatafuta soko la santuri. Alizunguka mashuleni na makanisani huku anadhoofu, kamera zikimfuata, na Desemba 15 mwaka huohuo alifariki. Filamu iliyotokana na safari ile, Born in Africa, ilionyeshwa Marekani mwaka 1990. Ni filamu ya mtu anayekufa, ndiyo, na ina mafundisho tele. Ila mafundisho yale yalikuwa yake, aliyachagua yeye, kwa sauti yake na kwa muda wake. Hakuna aliyemwandikia mstari wa mwisho. Hapo ndipo nilipomwelewa mpwa wangu: hapingi kufundisha, anapinga kukodishwa.

Shirika tuliliandikia barua ya shukrani. Wajumbe watatu walijitoa kwenye kundi usiku ule, kila mmoja kwa ile alama ndogo ya kijivu inayosema fulani ameondoka. Mmoja wao aliacha ujumbe kwanza: "Badala ya filamu, hela hizi si zingenunua dawa?"

Huyo anastahili jibu, maana hakuuliza kwa ubaya. Dawa ni lazima, na zinakosekana. Nimewahi kuzunguka maduka matano kutafuta haidroksiurea nikarudi na foliki. Lakini hizi pesa hazikuwa za dawa. Hakuna siku ambayo sisi watu 62 tulikaa kuchangia dawa za mpwa wangu, na ana miaka 26. Swali la dawa lilizaliwa siku alipoomba kitu kingine. Ni kama vile mgonjwa ana haki ya kuomba kitu kimoja tu, uhai, na akishapewa huo kwa mafungu anyamaze. Bibi harusi hatumwambii, badala ya keki ya ngazi tano si tungekununulia vyandarua?

Serikalini tulibisha hodi pia. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo, na kwa mwenye studio au bendi ni jambo zuri. Filamu ya dakika 18 haiuzwi kokote, inazunguka matamasha, kwa bahati ikaonyeshwa Ngome Kongwe kule Zanzibar wakati wa tamasha la nchi za jahazi. Mkopo wake utalipwa na nini? Kenya wenzetu wana Docubox, aliyoianzisha Judy Kibinge, inayotoa ruzuku kwa watengeneza filamu wa Afrika Mashariki. Nautamani mfuko wa namna hiyo uzae ndugu upande huu wa Namanga. Hayo yatosha kuhusu ofisi.

Tumezoea kwenda India kutafuta madaktari. Mimi nilikwenda, kwa kusoma tu, kutafuta waweka hazina wenzangu. Satyajit Ray alipokuwa akiitengeneza Pather Panchali alihangaika karibu miaka mitatu, vito vya mkewe vikawekwa rehani, mpaka serikali ya Bengal Magharibi ikatoa fedha na kuziandika vitabuni kama za kutengeneza barabara, kwa kuwa jina la filamu lilitaja njia. Filamu ikatoka 1955. Hadithi hii naipenda kwa uhuni wake. Lakini iliyonisaidia ni ya Manthan, ya Shyam Benegal, mwaka 1976: wakulima 500,000 wa ushirika wa maziwa wa Gujarat, kila mmoja akatoa rupia mbili. Majina yao yasingeenea kwenye skrini, basi mwanzoni pakaandikwa kwamba wakulima hao ndio wanaoileta. Ilipotoka walijaa kwenye malori kwenda mjini kuitazama filamu yao.

Rupia mbili. Nikachukua kikokotoo. Dakika 18 ni sekunde 1,080. Milioni 9 na laki 4 kugawanya kwa 1,080 ni kama shilingi 8,700. Bei ya chipsi kuku na soda. Usiku ule niliandika kwenye kundi: sekunde moja 8,700, dakika nzima 522,000, chagua unayoitaka, tuma na ya kutolea. Sikuweka picha ya mgonjwa wala mstari wa kitabu kitakatifu. Niliweka jedwali la dakika, moja hadi kumi na nane, kama viti vya basi la Arusha.

Ilitokea kitu ambacho sikukitarajia. Watu walianza kugombania. Yule mzee wa "tunachangia nini" alinunua sekunde kumi za dakika ya mwisho, akataka risiti. Katibu wa kalamu nyekundu alinunua sekunde za siku za kulala, ingawa nilimweleza kwamba hazimo kwenye picha. Dereva wa bajaji aliyewahi kumkimbiza mpwa wangu hospitali usiku alileta noti ya elfu kumi mkononi akasema chenji ibaki. Dakika ya 11, ambayo maumivu yanafika kileleni, iliisha siku ya kwanza. Kila mtu alitaka kuwa na kipande cha mateso. Hilo lilinifundisha kitu kuhusu sisi ambacho sijui kama nimekipenda.

Dakika ya saba haikuwa na mtu. Nilijua kwa nini. Katika dakika ya saba hakuna kinachotokea. Binti amekaa kituoni Buguruni anasubiri gari, ameshika chupa ya maji ya lita moja na nusu, anakunywa, anatazama barabara, anakunywa tena. Mhariri mwenyewe aliwahi kuniuliza kama hiyo inaweza kupunguzwa. Dairekta hakutaka hata kulisikia. Kwa wiki tatu niliitangaza kama kiwanja chenye mgogoro.

Mama mkubwa ndiye aliyeinunua, nzima, kwa mafungu mawili, na la pili alilikopa kwenye kikoba chake. Hakuuliza ina nini. Alisema saba ni namba ya baraka na zile nyingine zimejaa.

Mpaka Ijumaa hii nina milioni 6 na laki 1 kwenye daftari, na sauti imelipwa yote. Rangi bado, tafsiri bado. Jumamosi iliyopita nilimpelekea mama mkubwa dakika yake kwenye simu, maana mwenye mali ana haki ya kuikagua. Alikuwa barazani anachambua mchele. Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika simu mbali na macho kama afanyavyo, akatazama. Gari halikuja. Binti akanywa maji. Akanywa tena. Dakika ikaisha.

"Sasa hela yangu yote imeishia kwenye maji?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa kimya. Yeye ndiye aliyemlea mpwa wangu miaka ile dada yangu alipokuwa kazini Mtwara. Chupa ile ya maji aliijaza yeye, asubuhi na mchana, kuanzia chekechea. Akanirudishia simu, kisha akanyoosha mkono kuitaka tena.

"Hebu irudishe pale mwanzo," akasema. "Kuna mahali kama anapumzika."